Mkwe Wangu Haimbi Mbele Yangu

Watu wa kwetu Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, wana ugonjwa mmoja: wakiona umepata kitu, hawakuulizi kama kimekufaa. Wanakupa hongera tu. Tangu binti yangu aolewe na yule mwimbaji wa vichekesho, sipiti sokoni bila mtu kunisimamisha na kuniambia nina bahati. Hongera mama, msanii sasa ni wa kwenu. Hongera, wewe unachekeshwa bure kutwa kucha. Nami nawaonyesha meno, nasema ahsante, naendelea na beseni langu la vitumbua kichwani, na moyoni nawaka. Bahati gani hiyo jamani? Mwaka wa pili huu sijasikia wimbo wake hata mmoja kwa masikio yangu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi! Mimi niliyekuwa nakaa mbele kabisa!

Mtu asiyejua desturi zetu atadhani natia chumvi, basi wacha nianze na mimi mwenyewe, maana kosa lilianzia kwangu.

Zamani sikuwa mtu wa muziki. Mume wangu ndiye aliyekuwa wa redio. Mimi nilikuwa wa sufuria. Vita vilipofika Palma tulikimbia kama kila mtu, tukaishia kwenye kituo cha waliohama makwao, nje ya mji wa Pemba, hukuhuku Msumbiji, na huko mume wangu akashikwa na homa, akafariki. Nilibaki na binti yangu mmoja na hema moja. Kwa miezi mingi sikucheka. Sikulia sana pia, nilinyamaza tu, mpaka binti akaanza kuwaambia majirani kwamba mama ameingiwa na kitu.

Pale kituoni chakula kiligawiwa kwa lista. Jina lako limo, unapata unga na maharage. Halimo, unaambiwa uje wiki ijayo. Mimi langu lilikuwa halimo wiki ya tatu. Siku hiyo nimekaa kwenye mchanga na gunia langu tupu, akatokea kijana mwembamba, mtu wa Quiterajo, ana gitaa alilotengeneza mwenyewe kwa dumu la mafuta ya kupikia. Akasimama karibu kabisa na meza ya waandishi wa lista, uso mkavu, akaanza kuimba habari za mtu ambaye jina lake halimo kwenye lista, lakini la mbuzi wake limo. Mbuzi anaitwa, anakwenda, anaweka kwato badala ya kidole gumba, anapewa unga. Jioni mwenye mbuzi anapiga magoti: mheshimiwa, hata ukoko hautabaki? Na mbuzi anamjibu, njoo wiki ijayo.

Nilicheka. Si kucheka kwa adabu, la. Nilicheka mpaka nikalala ubavu kwenye mchanga, kapulana yangu ya kiunoni ikanifunguka, mbavu sina. Hata wale waandishi walicheka. Binti yangu alikuja mbio akidhani nimeanguka, akanikuta vile, akaanza kulia yeye. Kuanzia siku ile nilikuwa mtu wa yule kijana, na sikuwa na haja ya kumficha mtu.

Watu wanafikiri kuwa shabiki ni kupenda tu. Kupenda ni rahisi. Mimi nilifanya kazi. Tuliporudi Palma, naye akaja Palma, maana huku kuna watu wa kazi za gesi na harusi hazikosi. Kila Jumapili alasiri, uani kwa mtu yeyote aliyemwita, na mimi nipo. Nilimaliza vitumbua mapema, nikachukua ndoo yangu, nikaigeuza, nikaikalia mstari wa kwanza. Nilijua ubeti gani aliuongeza kwenye harusi gani. Dereva wa pikipiki akiimba vibaya njiani, namsahihisha palepale, na akibisha nashuka. Niligombana na shoga yangu wa miaka ishirini kwa sababu alisema wimbo wa mbuzi ni wa kitoto. Mpaka leo tunasalimiana kwa mbali.

Na lipo jambo ambalo mashabiki wa waimbaji wa mapenzi hawalijui. Mwimbaji wa mapenzi anaweza kufumba macho akaimba peke yake. Mchekeshaji hawezi. Lazima apate mtu wa kumpimia. Yeye alinipata mimi. Kicheko changu kina tabia ya kuchelewa: watu wote wakishacheka na kunyamaza, ndipo changu kinatoka, na kikitoka hakirudi ndani upesi. Aliwahi kusema mbele ya watu, huku amenielekezea gitaa, kwamba yule mama akicheka wimbo unabaki, asipocheka anautupa. Watu wakadhani ni maneno. Hayakuwa maneno. Alikuwa na wimbo wa mtu aliyeazima viatu vya watu wawili tofauti ili aende kuomba kazi ya gesi. Ubeti wa tatu sikuucheka, na Jumapili iliyofuata ubeti haupo. Niseme ukweli, nilijisikia mtu. Nani mwingine alikuwa ananiuliza maoni yangu juu ya kitu chochote? Hata bei ya unga wa mchele haniulizi mtu.

Kitu kimoja tu kilinikera. Aliwaimba watu wote wa Palma isipokuwa mimi. Alimwimba chefe wa bairro letu, mkuu wa mtaa, na mhuri wake, alimwimba fundi cherehani anayepunguza vitambaa vya watu, akamwimba hata mwenye duka anayeuza sukari yenye mchanga. Nilimwambia siku moja kwamba nami nataka wimbo wangu. Akaniambia, mama, wewe sijakupatia kasoro. Nikamwambia atafute vizuri, mtu hakosi.

Sasa sikiliza upumbavu. Kijana alikuwa peke yake Palma, ndugu zake wametawanyika. Nikamwonea huruma. Kila Jumatatu nikawa namtuma binti yangu ampelekee vitumbua na mchuzi wa samaki. Nilimtuma mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe nilifunika bakuli. Aliyejipalia makaa hana wa kumlalamikia.

Washenga walipokuja, walizungumza na kaka yangu mkubwa, maana mjomba wa binti ndiye mwenye neno. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na kaka hajamaliza hata kuuliza ukoo wa kijana, nikajibu kutoka ndani: tumekubali. Washenga walicheka. Kaka yangu hakucheka. Walipoondoka akaja jikoni, akasimama mlangoni.

"Dada, unajua unachokifanya? Unadhani unampata mwimbaji. Huyo ukishampa mtoto si mwimbaji tena, ni mkwe wako."

Nilimwambia hizo ni habari za zamani, na msanii hana mambo hayo. Kijana aliyemwimba chefe na mhuri wake ataona haya kwa muuza vitumbua? Binti nilimuuliza, alimtaka, alitabasamu mpaka masikioni, sikumlazimisha. Lakini sitasema uongo hapa. Angemkataa, ningesikitika kwa ajili yangu kabla ya kusikitika kwa ajili yake. Nilikwisha kupanga rohoni: ataimbia kwangu, kibarazani, kila siku, na mimi ndoo sitaigeuza tena, nitakaa kwenye kiti.

Ukwe wa kwetu pwani una mambo yake. Mkwe wa kiume hamtazami mama wa mke wake machoni. Hali chakula mbele yake. Hatamki neno la mzaha akiwa mama yupo, wala la mwili, wala la chooni. Wakikutana kwenye njia nyembamba, yeye anaingia majanini, anachutama mpaka mama apite. Vijana wa siku hizi mengi wameyaacha. Nimeona kwa macho yangu mkwe na mama mkwe wamepanda pikipiki moja, mama ameshika kiuno. Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kutumaini.

Kumbe Mungu alinichagulia kijana mwenye adabu kuliko wote wa mkoa wa Cabo Delgado. Siku ya pili tu baada ya harusi nilikutana naye njia ya kisimani, nikafungua mdomo nimtanie, nikaona kichwa kinapotea majanini. Amechutama. Shikamoo ilitokea chini, kwenye nyasi. Akija kwangu anavua kofia kule kwa jirani. Ua wangu umebomoka, anaujenga nisipokuwepo. Kuni naziona zimepangwa, maji yamejaa, mtu simwoni. Majirani wananiambia, mkwe kama huyo hapatikani. Nilitaka mchekeshaji, nimepewa malaika, na malaika hachekeshi.

Jumapili ya kwanza baada ya fungate nilikwenda na ndoo yangu kama kawaida. Aliingia uani, akaniona, akasimama. Akaweka gitaa chini. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakaanza kucheka. Kisha akafunga mikono mbele na kuanza kughani kasida. Kasida, wallahi, kwa sauti ya unyenyekevu, macho kwenye vidole vya miguu. Alipomaliza ya kwanza akaanza ya pili. Uani pakawa kimya kama matangani. Nyuma yangu mwanamke mmoja akaninong'oneza kwamba, mama, kwa heshima yako, si uende nyumbani ukapumzike. Nikainuka na ndoo yangu. Sijafika hata kona ya msikiti nikasikia gitaa la dumu limelia, na wimbo wa mbuzi, na uwanja mzima unapasuka kwa kicheko.

Nilimtumia ujumbe kupitia binti: mwambie mama anasema amemruhusu, aimbe tu. Jibu likarudi kwa mdomo wa binti: ruhusa si ya mama kuitoa, wala si yangu kuipokea. Nikamtuma tena, kwamba tunaishi siku hizi, si zamani. Binti akarudi na jibu jingine. Mume wake alisema kwao Quiterajo waliacha nyumba, waliacha chombo cha baba cha kuvulia, waliacha makaburi. Yeye alitoka na vitu viwili tu, gitaa na mafundisho ya mama yake, na hana nia ya kuacha hata kimoja.

Mtu atauliza, si nyimbo zake zipo kwenye simu? Zipo. Ninazo zote za zamani kwenye kikadi cha simu. Lakini mchekesho wa kwenye simu ni chai ya jana, unajua utamu ulikuwa wapi, huupati. Na mpya nani atanipa? Wale vijana wa pikipiki walionipigia nyimbo zake miaka yote, sasa nikipanda wanazima. Nikiuliza, wananiambia, mama mkwe, usinitie matatani.

Basi nikafanya jambo la mtu mzima kufanya. Nilijificha. Kulikuwa na harusi mtaa wa pili, nikaenda mapema, nikajitia kusaidia wapishi nyuma ya ua wa makuti, ambako mtu wa mbele hakuoni. Alikuja akaimba wimbo mpya, wa bwana harusi aliyekodi kila kitu: kanzu ya kukodi, saa ya kukodi, mpaka mashahidi wa kukodi, na kila mwenye mali anakuja katikati ya harusi kuchukua chake. Nilishika mwiko kwa mikono miwili. Nikauma kapulana. Watu wakacheka, wakanyamaza, na nilipokwisha kujipongeza kwamba nimeweza, kikatoka. Nimeshasema kicheko changu kinachelewa. Kilitoka peke yake, katikati ya kimya, na Palma nzima inakijua.

Sauti ya gitaa ikakatika. Neno lilikuwa bado kinywani mwake, hakulimaliza. Mama wa bibi harusi akaja jikoni, akanipa chakula kilichofungwa vizuri kwenye bakuli, akanishukuru kwa msaada, akanisindikiza mpaka nje. Nilitembea kwa aibu ile mchana kweupe na bakuli la pilau mkononi.

Binti alikuja kesho yake kunigombeza. Mama, unanitia aibu mimi. Mume wangu anasema Palma haimbiki tena, kila ua anahisi una masikio yako. Basi mkwe wangu akaanza kwenda kuimba Namoto, kule mpakani, kwa wachuuzi wanaosubiri kuvuka kwenda Tanzania. Safari ya mbali, barabara yenye vizuizi vya askari, siku nzima kwenda na kurudi, kwa sababu yangu. Nilikasirika na yeye, nikakasirika na desturi, nikamkasirikia kaka yangu kwa kuwa alisema kweli.

Hapo sasa. Jumanne moja asubuhi, naweka mafuta kwenye kikaango, binti anaingia na furushi la nguo kichwani. Amepita nalo bairro nzima, watu wanatazama. Akalitua, akakaa chini akilia.

"Amekuimba, mama. Namoto, mbele ya watu. Mama yangu anaimbwa kama mlevi. Simrudii."

Mwanamke muuza samaki wakavu aliuleta ule wimbo kutoka Namoto, akamwimbia binti yangu sokoni bila kujua anamwimbia nani. Mwanangu ameacha nyumba yake kwa ajili ya heshima yangu. Mama mwenye akili angemkumbatia. Mimi neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu, Mungu anisamehe, lilikuwa hili:

"Wanacheka?"

Aliacha kulia akanitazama. Nikasema haraka kwamba nauliza ni wangapi waliosikia. Sijui kama aliamini.

Akakaa kwangu siku tatu. Yeye analia chumbani, mimi jikoni nateketea. Nini kimesemwa? Kasoro gani ameipata? Nikamuuliza kwa upole, akasema maneno yale hawezi kuyatamka mbele yangu. Nikaenda kwa muuza samaki, akasema ameusahau. Ameusahau! Mwanamke anayekumbuka madeni ya mwaka wa vita! Nikipita kijiweni simu zinazimwa. Nikikaribia kisima wanawake wanaanza kuzungumza habari za mvua. Nyimbo zake zote nilizijua mimi kuliko yeye, na huu mmoja, ulio wangu, niliouomba kwa mdomo wangu, mji mzima unao isipokuwa mimi.

Kaka yangu akaitisha kikao, asubuhi ya Ijumaa, kibarazani kwangu. Wazee wanne kwenye mkeka, na mkwe mbele yao, amekunja miguu, kofia mkononi. Mimi ndani ya mlango ulio wazi, kwenye kibao, nimekaa upande, kapulana mpaka puani. Binti amekaa karibu yangu ameshika mkono wangu. Na katika vikao vya kwetu, mwenye kutukana anarudia tusi lake, neno kwa neno, maana wazee hawaamui wasichokisikia, na aliyetukanwa lazima asikie ndipo aseme kama ametukanwa.

Kijana aliomba asamehewe hilo, alipe faini yoyote. Kaka akamwambia aliyasema Namoto, ayaseme na hapa, ila bila gitaa na bila sauti ya wimbo.

Akaanza, macho kwenye mkeka, kama mtu anayetoa maelezo kwa askari. Alisema kwamba mtu fulani alikuwa njiani, akamwona mama mkwe wake anakuja. Majani ya kuchutama hayakuwepo, yamefyekwa. Basi akapanda mnazi.

"Mnazi wa nani?" akauliza mzee mmoja.

"Wa kwenye wimbo tu, mjomba."

"Endelea."

Akaendelea kwamba mama akafika chini ya mnazi, akaona kivuli kizuri, akatua beseni, akaanza kuuza vitumbua. Wateja wakaja. Asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita. Yule wa juu hawezi kushuka. Harufu inampanda. Akaona njaa, akatoboa dafu, akanywa. Akanywa la pili. Mzee akauliza alikunywa mangapi kwa jumla. Akajibu, manane. Halafu? Halafu tumbo likaanza kunguruma. Mama chini akasema kuna mvua inakuja, akafunika vitumbua.

Mzee mmoja akakohoa. Kaka yangu alikuwa anatazama dari.

"Halafu ukasemaje?"

"Halafu nikasema, juu ni mbingu, chini ni mkwe, na tumbo halina mkwe."

Wazee wakainamia mkeka. Kicheko changu, kama kawaida yake, hakikuwa na haraka. Nilikisikia kinatoka mbali, kwenye nyayo, kinapanda. Ulikuwa wimbo bora kuliko wa mbuzi. Ulikuwa bora kuliko zote alizowahi kutunga, umepangwa vizuri, hauna neno la ziada, na kasoro yangu ameipata hasa: kwamba nikikaa mahali siondoki. Miaka mingi nilikuwa nausubiri, ukaja bila gitaa, kwa sauti ya mtu anayehukumiwa.

Kaka akaniuliza kama nimesikia, na kama nimetukanwa.

Ndipo mkwe wangu akainua macho. Mara moja tu, kwa mara ya kwanza tangu harusi, akanitazama. Mtazamo ule naujua. Ni ule wa Jumapili, wa kunipima. Angeweza kuwaambia wazee kwamba mimi ndiye niliyemwomba aniimbe, nao wangenigeukia mimi, lakini hakusema. Nami ningeweza kusema. Ilikuwa ni kuachia mdomo tu, kicheko kitoke, kesi iishe, wazee nao wacheke kwa raha zao, maana walikuwa wamejibana mpaka shingo zimewavimba.

Lakini mkono wa mwanangu ulikuwa ndani ya wangu, umebana, una jasho. Alibeba furushi kichwani mbele ya watu wote kwa ajili yangu. Nikicheka, yeye ndiye mjinga wa Palma, na wimbo unaofuata watamwimba yeye, mtoto aliyemwacha mume kumtetea mama asiyejiheshimu.

"Nimesikia," nikasema. "Nimetukanwa. Sikuupenda."

Sauti ilitetemeka, machozi yakanitoka, mabega yakatikisika, nikajifunika uso wote. Wazee wakadhani nalia. Mmoja akasema, masikini, tazama alivyoumia. Kijana akashusha macho. Alitozwa kuku wawili na doti moja ya kapulana ya kunivika, na wimbo usiimbwe tena popote, na mwenye nao kwenye simu aufute. Alikubali yote, akaomba radhi kwa kinywa chake, akaniambia shikamoo. Adhuhuri binti yangu alirudi kwake na furushi lilelile, kichwa juu, na majirani wakamsalimia kwa heshima. Hilo silijutii.

Wimbo umefutwa kweli. Nimeutafuta, siwafichi. Siku hizi mkwe wangu hatungi mpya. Anaimba za zamani, na anaimba za kampeni ya kunawa mikono, maneno anaandikiwa. Watu wanasema ndoa imempoza. Mimi nanyamaza, nageuza vitumbua, na mara nyingine najaribu kuutia sauti ule wimbo kwa kubahatisha, maana maneno ninayo lakini sauti yake sikuisikia kamwe.

Wiki iliyopita binti alikuja kunisaidia kutwanga mchele. Akaniambia, huku anacheka kidogo, kwamba mume wake bado anaifikiria siku ile. Amemuuliza mara mbili: mama hakuupenda kweli, hata kidogo? Hata pale pa tumbo?

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia hata kidogo. Nikamwambia ulilia mpaka usiku. Akaenda kulala." Akaacha kutwanga, akanitazama akisubiri nimsifu. "Si nimejibu vizuri, mama?"

Nikamwambia amejibu vizuri, mwanangu.